Unataka kutetea madaktari mahakamani? Basi jifunze kwanza kusoma faili la leba

Wiki iliyopita nimeshinda kesi. Nasema nimeshinda mimi, sio "tumeshinda", maana kwenye magrupu ya WhatsApp ya mawakili wa huku kusini watu wanapongezana jumla jumla utadhani faili lilijisoma lenyewe. Mteja ni daktari wa zahanati binafsi, dai lote limetupwa, jina lake na mji wake vinabaki kwangu. Sasa baada ya hapo meseji zikawa nyingi na moja ni ya kijana aliyemaliza Shule ya Sheria, anasema "Shikamoo wakili, nataka kubobea kesi za uzembe wa kitabibu kama wewe, upande wa utetezi, nianzie wapi na je inalipa?"

Marahaba mdogo wangu. Ya kulipa tutafika.

Kwanza ujue soko la huku. Wakili wa Mtwara na Lindi anaishi kwa ardhi, mirathi, madeni ya korosho na jinai. Mtu akidhurika hospitali ya serikali anatakiwa atoe notisi ya siku 90, amuunganishe Mwanasheria Mkuu, na anayesimama kutetea ni Ofisi ya Wakili Mkuu wa Serikali, ile iliyoanzishwa 2018, kwa hiyo wewe wa binafsi hapo huna kiti. Kinachobaki ni hospitali za misheni, zahanati, maabara, maduka ya dawa, na daktari au nesi mmoja mmoja anayeitwa kwenye baraza lake la taaluma. Na hizo za baraza usizidharau, kule hakuna fidia ila kuna leseni, na nimeona mtu mzima anatetemeka kwa ajili ya leseni kuliko anavyotetemeka kwa mamilioni.

Halafu watu wetu kushtaki ni wazito. Mgonjwa akifa wanasema kazi ya Mungu, wanazika, yameisha. Kwa hiyo ile kesi inayofika mahakamani ujue kuna mtu ameumia mpaka amekataa kunyamaza, na huyo mtu utakutana naye uso kwa uso.

Kesi yangu ya kwanza niliipata kwa sababu hakuna aliyeitaka. Nilikuwa junia kwenye ofisi ya mzee mmoja pale Mtwara mjini, kazi zangu kubwa ni kutoa kopi na kuomba ahirisho, siku hiyo mzee akaniwekea faili mezani akasema "binti, hii ya hospitali shika wewe, mimi maneno ya madaktari yananiumiza kichwa". Hospitali binafsi imeshtakiwa pamoja na daktari na mkunga. Mama alijifungua kwao, mtoto akaja kuwa na mtindio wa ubongo, na hati ya madai inasema walichelewesha upasuaji mpaka mtoto akazaliwa amechoka, yaani kakosa hewa.

Nikalifungua lile faili la mgonjwa sikuelewa hata mstari mmoja. Vifupisho vitupu, namba, vitone na mistari imepanda. Nina digrii, nina muhuri wa uwakili, naangalia karatasi ya leba nimetoa macho. Ningefanya wanavyofanya wengi, ningekimbilia sheria nikaandika utetezi wa "mdaiwa anakana aya ya 4, anakana aya ya 5" mpaka mwisho. Badala yake nikapanda bajaji mpaka Mikindani kwa shangazi yangu, mkunga mstaafu, mwanamke aliyezalisha nusu ya watu wazima wa mtaa ule. Kopi nilikuwa nimefunika jina.

Shangazi akavaa miwani, akanyamaza muda mrefu kweli. Halafu akaniambia "Mwanangu, hii inaitwa patografu, haisomwi kama barua, inasomwa na saa mkononi." Akaanza. Mapigo ya moyo ya mtoto yanasikilizwa kila nusu saa na kila kipimo kina kitone chake. Njia ya uzazi inapimwa kila saa 4, imefunguka sentimita ngapi. Kuna mistari miwili imelala mshazari, wa kwanza wa tahadhari, unaanzia sentimita 4 na unapanda sentimita 1 kwa saa, na wa pili uko saa 4 mbele yake, huo ni wa kuchukua hatua. Njia ya mama ikifunguka vizuri inabaki kushoto kwa tahadhari. Ukiona imevuka kulia, mkunga anaamka, anaita daktari. Ukiona imefika mstari wa pili na hakuna aliyeandika kitu, "hapo mwanangu mwambie mteja wako atafute hela".

Ya mteja wetu haikufika mstari wa pili. Ila kulikuwa na pengo, kama saa moja hivi bila kitone hata kimoja cha mapigo ya moyo. Pengo hilo ndilo wakili wa upande wa pili alilolijengea kesi yake yote.

Nikaenda hospitali. Bosi wa wauguzi, mama mwenye heshima zake, akanishika mkono pembeni akaniuliza kwa upole kabisa, "Wakili, hapa palipo wazi si tunaweza kupajaza tu?" Nilimjibu kwa sauti ambayo sikuwahi kumjibu mtu wa umri wake. USIGUSE. Nalirudia hili kwa herufi kubwa kwa yeyote anayesoma, awe wakili au nesi: faili lenye pengo linateteka, faili lililojazwa baadaye halitetewi na mtu. Wino utakuwa tofauti, mwandiko utakuwa umetulia kuliko wa mtu aliyekuwa anakimbizana na leba, na tayari kopi upande wa pili wanayo. Jaji akishaona karatasi moja imechezewa hataamini na zile mia zilizo safi.

Nikaomba kitabu cha MTUHA cha leba, ile rejesta ya taarifa za huduma za afya. Hiki mawakili wengi hawakiulizi kwa sababu hawajui kama kipo. Kila mama anayejifungua anaandikwa mstari wake kwa kufuatana, saa aliyojifungua, mtoto hali gani, alama za Apgar, zile anazopewa mtoto mara tu akizaliwa kuonyesha hali yake, juu kabisa ni 10. Kwenye lile pengo la saa moja kulikuwa na mama mwingine, kajifungua mapacha, na mkunga wa zamu alikuwa huyo huyo mmoja. Pengo likapata maelezo. Na kikubwa zaidi, mtoto wetu kwenye kitabu hicho ana Apgar 8 kwenye dakika ya kwanza na 9 kwenye dakika ya 5, na mstari wake umekaa katikati, juu yake mama mwingine na chini yake mama mwingine, huwezi ukauchomeka mwaka wa pili baada ya kushtakiwa. Mtoto mwenye 9 hajachoka. Kitabu kikubwa kichafu chenye jalada limechanika ndicho kilichoshinda ile kesi, mimi nilikibeba tu.

Sasa kama hakuchoka leba, mtindio umetoka wapi? Si kila mtindio wa ubongo unaanzia chumba cha kujifungulia, kuna unaoanza mimbani, kuna njiti, kuna maambukizi, na kuna manjano kali isiyotibiwa mapema. Kwenye faili la pili, la kulazwa, mtoto alirudishwa siku kadhaa baadaye akiwa wa manjano mpaka kwenye nyayo. Nyumbani walikuwa wanamuotesha jua asubuhi, kama walivyoelekezwa na wakubwa.

Ngoja niseme kidogo kuhusu sheria maana wasomi wenzangu watanuna. Uzembe una miguu yake: wajibu, ukiukwaji wa wajibu, madhara, na kwamba huo ukiukwaji ndio ulioleta hayo madhara. Kwenye ukiukwaji wote tunakimbilia kesi ya Uingereza ya Bolam ya 1957, mgonjwa alipewa matibabu ya umeme bila dawa ya kulegeza misuli akavunjika, hospitali ikashinda kwa sababu wapo madaktari wanaoheshimika ambao nao wangefanya vile vile. Sawa, ila kuna Bolitho, 1997, iliyosema hao wanaoheshimika lazima maoni yao yawe na mantiki, kwa hiyo usimlete bingwa wa kusema "ndivyo tunavyofanya" ukadhani umemaliza. Mimi mpenzi wangu ni Barnett ya 1969. Walinzi watatu wa usiku walikunywa chai, kumbe ina arseniki, wakaenda hospitali wanatapika, daktari akasema kwa simu warudi nyumbani, mmoja akafa. Mahakama ikasema daktari kakosea kabisa, lakini hata angemhudumia asingepona, dai likaanguka. Watetezi wengi wanang'ang'ana na ukiukwaji wakati kesi iko kwenye kusababisha. Na kusababisha utakuona wapi? Kwenye faili. Soma faili.

Siku ya ushahidi, wakati ule bado mambo yanaandikwa Kiingereza, hii ya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama imekuja 2021, mama wa mtoto akapanda kizimbani na mtoto wake mapajani. Vijana mnaopenda maswali ya dodoso ya kumbana shahidi kama kwenye tamthilia nisikilizeni hapa. Nilimpa pole kwanza. Nikamuuliza maswali machache sana, mtoto alilia lini, alinyonya lini, aliona manjano lini. Alijibu ukweli, na ukweli wake ulinitosha. Sikumuuliza kwa nini hakuwahi hospitali, ingawa mzee wangu wa ofisini aliniandikia kikaratasi niulize. Mama wa namna ile ukimkandamiza unaweza kupata jibu na ukapoteza jaji.

Dai likatupwa, kila upande ubebe gharama zake. Nje pale kwenye ngazi yule mama akaniuliza, "Dada, na wewe una mtoto?" Sikumjibu. Mtoto ninaye. Kwenye ukoo wetu mpaka leo kuna wifi ananiita wakili wa wauaji, anasema anatania, na mimi nacheka kwa sababu shughulini watu hucheka, lakini mnaotaka kazi hii mjue utani huo haujawahi kuisha.

Ushauri mwingine nitaupitia haraka haraka. Angalia tarehe kabla ya yote, madai ya namna hii muda wake ni miaka 3, lakini usikimbilie pingamizi la awali kwamba dai limechelewa ukasherehekea, mtoto mdogo muda wake hauanzi kuhesabiwa mpaka awe mtu mzima, kwa hiyo mwambie mteja mafaili ya wazazi asiyachome moto. Pata shahidi bingwa mapema na umpe faili lote, sio kurasa unazozipenda, na omba asikilizwe kwa video kama inawezekana, maana ile 2024 barabara ya Dar ilipokatika Somanga nani alifika? Na ujue kesi isiyo yako kuitetea. Nani hakumbuki 2007 pale Taasisi ya Mifupa Muhimbili, wa goti akapasuliwa kichwa na wa kichwa akapasuliwa goti. Kitu kama hicho hutafuti Bolam, unakaa na mteja kwenye usuluhishi mnazungumza kiasi. Nimeshawahi kuwaambia wateja walipe, na mmoja hatusalimiani.

Kijana aliyeuliza, mambo ni hayo hayo kwa wahandisi, wathamini, wakaguzi wa hesabu, na hata sisi mawakili tukishtakiwa na wateja wetu. Soma faili la taaluma ya mtu kabla hujamfungulia kitabu cha sheria. Msiwe wavivu. Mna simu za bei mbaya na hamjui Apgar ni nini.

Haya, inalipa? Inalipa ukiwa kwenye orodha ya kampuni ya bima. Hospitali ikishakata bima ya dhima ya kitaaluma, ile ya kuwakinga wakishtakiwa kwa makosa ya kazi, anayechagua wakili ni bima, na mteja haruhusiwi hata kukiri kosa bila kuwaambia. Hili sikuambiwa na mtu. Ile hospitali yangu ya kwanza, baada ya kuwatoa kwenye moto ule, walikata bima, na kesi iliyofuata ikaenda kwa ofisi ya Dar yenye lifti na mapokezi. Hakuna aliyenipigia hata kuniambia asante ila kazi imehama. Nilisikia kwa karani. Nimesamehe, ila naandika, kwa hiyo labda sijasamehe vizuri. Wewe usisubiri, andika barua kwa hizo kampuni za bima, omba uwekwe kwenye orodha yao, ambatanisha hukumu zako, na makubaliano ya ada yawe kwa maandishi na sahihi kabla hujagusa faili.

Mwezi uliopita hao hao wa Dar wamenipigia, wana kesi ya manjano ya mtoto, wanaomba niwatumie maswali niliyomuuliza yule mama na jinsi nilivyokitumia kitabu cha MTUHA. Kijana wao ana adabu sana, "shikamoo dada wakili" nyingi. Nimemtumia ankara kwanza.