Sumaku ilipokuja, vidonge vilibaki

Siku daktari wangu hapa Houston aliponiambia nafaa kupata tiba ya sumaku kwa sonona yangu, wazo la kwanza lilikuwa kuvitupa vidonge vyote. Miaka minne nameza tu! Fluoksetini ilinitia kichefuchefu, sertralini ikapita kama maji, venlafaksini ikaniinua kiasi cha kuoga na kwenda kazini, basi. Nilikuwa silii, lakini pia sicheki.

Daktari akanikatiza. Venlafaksini endelea nayo, akasema. Ukiiacha ghafla utapata kizunguzungu na vishindo kichwani kama umeme, sonona nayo yaweza kurudi kwa nguvu. Halafu tutajuaje kama ni sumaku iliyoshindwa au ni dawa iliyoondoka?

Kaka yangu wa Dodoma aliuliza kwenye simu, "Dada, wanakupiga shoti?" Hapana. Shoti ni tiba nyingine, mtu hulazwa usingizi kwanza, na ubongo hutiwa kifafa kwa makusudi. Hii unakaa kitini macho wazi, masikio umeyaziba, koili ya sumaku imekugusa kichwani, mbele upande wa kushoto. Inagonga ta-ta-ta kama kigogota, na kila pigo la sumaku linaamsha umeme mdogo ndani ya ubongo. Marekani iliiruhusu kwa sonona mwaka 2008. Mimi nilipangiwa siku 5 kwa wiki, wiki 6. Wiki ya kwanza ngozi ya kichwa iliniuma. Nikimaliza nilikuwa naendesha gari mwenyewe hadi kazini.

Bima, kwa njia, ilidai ushahidi kwamba dawa zimejaribiwa zikashindwa. Ile orodha ya vidonge niliyoichukia ndiyo iliyonifungulia mlango.

Sasa nisikilize hapa. Siku ya kwanza wanakupima. Koili inawekwa juu ya sehemu ya ubongo inayoendesha mkono, nguvu inapandishwa taratibu mpaka kidole gumba kiruke chenyewe. Nguvu hiyo ndiyo kipimo chako. Mimi nilitibiwa kwa asilimia 120 yake. Na kipimo hicho husogezwa na unachomeza. Dawa za kifafa zaweza kukipandisha. Bupropioni, dawa nyingine ya sonona, huongeza uwezekano wa kifafa, kwa hiyo daktari lazima ajue unaitumia. Dawa za kutuliza za jamii ya lorazepamu zimehusishwa na nafuu ndogo, na ukizikatisha ghafla hatari ya kifafa inapanda. Kifafa kitini ni nadra sana, lakini ndicho wanachokiogopa.

Mimi lorazepamu niliificha. Alinipa mfanyakazi mwenzangu, inisaidie kulala baada ya zamu za usiku, na niliona aibu kuitaja kwa kuwa haikuwa na cheti. Wiki ya pili, kwa kiherehere cha kupona, nikaiacha. Siku ya nne nikaingia mikono inatetemeka. Dada wa mashine akaniuliza nimelala kwa muda wa saa ngapi. Mbili. Kuna kitu umebadilisha? Nikabaki namtazama, kisha nikamwambia. Alizima mashine hapo hapo akamwita daktari. Sikugombezwa. Niliandikiwa lorazepamu yangu mwenyewe ya kupunguza polepole, vikao vikasimama siku tatu, na niliporudi kidole kikapimwa upya.

Kwa hiyo ukienda, beba mfuko mzima: vya hospitali, vya kuazima, vya usingizi, mitishamba ya shangazi. Pombe itaje hata kama ni ya harusini tu. Wakati wa vikao usianze dawa, usiache, usibadili kiasi kabla hujawaambia. Na kama una chuma kichwani, kifaa cha kusikia kilichopandikizwa sikioni, au betri ya moyo, sema kabla hujakaa.

Nafuu yangu haikuja kwa tarumbeta. Kwenye kikao cha 22 hivi, jioni, nilionja mchuzi nikaona hauna chumvi, nikanyanyuka kuongeza. Miezi mingi nilikuwa nakula chochote kilichowekwa mbele yangu bila kujua ladha yake.

Venlafaksini bado naimeza kila asubuhi na chai. Daktari anasema mwakani tutaongea habari ya kuipunguza, kidogo kidogo, ikiwa bado nitakuwa nalalamikia chumvi.