Gari Linagoma Kuwaka Likiwa la Moto? Usikimbilie Pampu

Msomaji ameniandikia wiki hii: Toyota IST yake asubuhi inawaka vizuri, lakini akiizima sheli ajaze mafuta, inagoma. Stata inazungusha, injini haishiki. Ikipoa nusu saa, inawaka kama haikuwa na shida. Ameshabadilishiwa pampu na plagi, hela imeliwa, tatizo liko palepale.

Mtuhumiwa wa kwanza hapo ni sensa ya krankishafti, yaani inayosoma mzunguko wa shafti kuu ya injini. Bila taarifa yake kompyuta ya gari haijui kama injini inazunguka, kwa hiyo haitoi cheche, haifungui nozeli zinazopulizia mafuta, na kwenye Toyota nyingi hainyanyui hata pampu. Ndiyo maana pampu nzima husingiziwa. Na kwa nini ikiwa ya moto? Ukizima injini, maji na feni vinasimama, joto hupanda kwanza kabla ya kushuka. Waya mwembamba ndani ya sensa ukiwa na ufa, unaachana. Ukipoa unagusana tena.

Basi pima gari likiwa limegoma! Fundi anayelisubiri lipoe ndipo apime, anapima gari lisilo na shida wakati huo. Chomeka mashine ya OBD2, ile ya kusoma kompyuta ya gari, fungua data, piga stata, tazama RPM (mizunguko ya injini kwa dakika). Ikibaki sifuri huku stata inazungusha, tatizo ni sensa au nyaya zake. Kodi P0335, ya hitilafu ya sensa hii, ikitokea ni ushahidi zaidi, lakini isipotokea usiseme sensa haina kosa. Kama ni ya nyaya mbili, chomoa soketi upime omu (ukinzani wa umeme): mita ikiandika OL, yaani umeme haupiti, imekatika ndani. Ya nyaya tatu haipimwi hivyo. Angalia kwanza kama umeme unaifikia.

RPM ikisoma sawa, hamia sensa ya joto la maji. Injini ya moto isome nyuzi 80 hadi 100. Ikisoma 20, kompyuta inamwaga mafuta kama ya asubuhi na plagi zinalowa. Kanyaga pedali ya mafuta hadi mwisho huku ukipiga stata. Magari mengi hufunga nozeli na silinda zikakauka.

Kwenye IST sensa ya krankishafti iko chini, karibu na puli, bolti moja ya spana namba 10. Ukiichomoa, tazama ncha yake: ina sumaku, hubeba unga wa chuma. Futa. Soketi ikiwa imelowa oili, ziba kwanza panapovuja. Paka oringi mpya (raba ya kuziba) oili kidogo. Sensa ya yuzidi sikushauri, imeshapikwa na joto lilelile miaka mingi.

Kisha futa kodi, endesha mpaka injini ichemke vizuri, zima dakika 15, uwashe.