Mwalimu, kompyuta iwe lazima?

Wiki mbili zilizopita niliandika kwamba mwanafunzi wa shule ya umma hafai kumaliza sekondari bila kusoma sayansi ya kompyuta. Tangu siku hiyo simu yangu haijalala. Wengine mmeniunga mkono, wengine mmeniuliza kama ninaishi Nairobi hii hii mnayoishi ninyi. Nimechagua maswali machache.

Haya umeyatoa wapi, Mwalimu? Kuna mahali wanalazimisha kweli? – Baba wa wanafunzi wawili, Umoja

Marekani wapo, ila si nchi nzima, maana kule kila jimbo na kila mji hujipangia shule zake. Mwaka 2016 bodi ya elimu ya Chicago iliamua kwamba walioanza sekondari mwaka huo, yaani wa kuhitimu 2020, lazima wawe wamesoma sayansi ya kompyuta. Hawakukurupuka. Mpango wa kulieneza somo hilo shuleni ulikuwa umeanza tangu 2013.

Lakini mimi hupenda kuwatajia watu Arkansas, jimbo la mpunga na kuku. Mwaka 2015 walipitisha sheria iliyoiagiza kila sekondari ya umma ilifundishe somo hilo. Mtoto hakulazimishwa chochote. Mwaka 2021 ndipo ikaja sheria ya pili, ya kumtaka mwanafunzi anayeanza gredi ya 9 kuanzia 2022 alisome kabla ya kuhitimu. Walianza kuibana shule, na miaka ikapita kabla ya kumgeukia mtoto. Hapo ndipo msimamo wangu ulipo, na wanaonitumia matusi naona hawakufika aya ya pili.

Kwani hapa kwetu halisomwi? Mtoto wa dada yangu alifanya kompyuta kwenye KCSE. – Kayole

Linasomwa, tena katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, lina karatasi tatu: nadharia, vitendo na projekti. Ila ni la hiari. Hata katika mtaala mpya, ambao gredi ya 10 ya kwanza imeanza nao Januari 2026, masomo ya lazima ni Kiingereza, Kiswahili au Lugha ya Ishara, Hisabati, na Huduma kwa Jamii. Matatu yanayobaki mwanafunzi anachagua, na kompyuta imo humo. Kuna pia ujuzi wa TEHAMA kwa wote, usiotahiniwa. Kule sekondari msingi, yaani gredi ya 7 hadi ya 9, kompyuta imemezwa ndani ya Pre-Technical, somo la misingi ya ufundi.

Sasa niulize, hiari ya nani? Shule isiyo na maabara wala mwalimu, mtoto wake anachagua nini? Hiari hiyo ilishatumika zamani, siku bodi ilipokaa kuamua kati ya kompyuta na basi la shule, na basi likashinda.

Binti yangu yuko gredi ya 9 na anasema kompyuta ni ya wavulana. Nimlazimishe? – Mama Wambo, Lang'ata

Usimlazimishe, mama. Nataka serikali ndiyo ilaumiwe, si wewe.

Hili ndilo lililonibadilisha mawazo. Zamani nilikuwa mtu wa hiari kabisa. Kisha nikahesabu darasa langu la kidato cha tatu: wanafunzi 31, wasichana wanne. Niliwauliza wavulana walianzia wapi. Karibu wote walinitajia kaka, mjomba au saiba ya mtaani, duka la kompyuta za kukodi, ambako walikuwa wakicheza gemu hadi jioni. Wasichana wa rika lao, saa hizo, walikuwa nyumbani wakiosha vyombo. Kwa hiyo somo la hiari huchaguliwa na aliyekwisha kulizoea, na mazoea hayakugawanywa sawa.

Mwambie binti yako kwamba ENIAC, ile kompyuta kubwa iliyozinduliwa Philadelphia mwaka 1946, iliandikiwa programu na wanawake sita. Akisema hizo ni habari za wazungu, mwambie kuhusu Ushahidi, jukwaa lililoanzishwa Januari 2008 kukusanya taarifa za vurugu za baada ya uchaguzi. Wazo lilitoka kwa Ory Okolloh, mwanasheria, na Juliana Rotich ni mmoja wa waanzilishi. Mwanasheria hakuhitaji kuiandika programu mwenyewe. Alihitaji kujua kwamba kitu kama hicho kinawezekana, na aombe nini kwa wanaojua kukijenga.

Stima kwetu ni ya kubahatisha na mashine ni chache. Utafundisha kompyuta gizani? – Mwalimu mwenzako, Eastlands

Gizani nimefundisha. Nilipoanza kazi, shule niliyopewa ilikuwa na kompyuta 14, zilizowaka ni tisa, na ufunguo wa maabara ulikaa kwa naibu wa mwalimu mkuu, ambaye alizifunika mashine kwa vitambaa vya kufuma kama makochi ya sebuleni. Wanafunzi 52. Siku moja stima ikapotea kabla hata skrini hazijawaka.

Nikamwambia kijana mmoja afikirie nambari kati ya 1 na 1,000, aiandike kwenye karatasi ampe jirani yake, nami nitaipata kwa maswali kumi ya ndiyo au la. Wakacheka. Nikaanza: ni zaidi ya 500? Ndiyo. Zaidi ya 750? La. 625? La. 563? Ndiyo. 594? Ndiyo. Kicheko kikaanza kupungua. 610? Ndiyo. 618? La. 614? Ndiyo. 616? Ndiyo. 617? La. Basi ni 617, nikamwambia, na jirani akaifunua karatasi.

Walidhani ni uganga. Tukaanza kugawanya pamoja ubaoni: 1,000 kwa nusu, tena nusu, tena nusu, hadi ibaki moja. Kisha nikauliza, zikiwa milioni moja je? Mmoja akasema maswali elfu kumi. Msichana wa dawati la nyuma, ambaye hata siku moja hakuwa amegusa kibodi kwa sababu wavulana walikuwa wakimsukuma, akasema, “Ishirini.” Ni ishirini kweli. Hivyo ndivyo kompyuta inavyotafuta jina moja katika orodha ndefu iliyopangwa, na hatukuwa tumewasha hata balbu.

Lakini usinielewe vibaya, mwalimu mwenzangu. Hiyo ni wiki ya kwanza na ya pili. Muhula mzima wa kuchora kibodi kwenye daftari ni utani mbaya. Mashine lazima ziwepo, na ziwepo mikononi mwa wanafunzi. Tangu 2016 serikali ilisambaza vishikwambi zaidi ya milioni moja katika shule za msingi, na nimeingia shule moja nikavikuta ndani ya kabati la chuma, kwenye makaratasi yake, chaji sufuri, vinalindwa visiibwe.

Mwanangu amemaliza pakeji kwenye saiba baada ya KCSE. Si inatosha? – Kawangware

Kwa kuandika barua na kupanga hesabu za duka, inatosha. Pakeji, ile kozi fupi ya programu za ofisini, humfundisha kutumia programu ambayo mtu mwingine alishaitengeneza. Sayansi ya kompyuta humfundisha programu hutengenezwaje na kwa nini hukwama. Ni kama tofauti ya kondakta na fundi wa gereji: wote wanaijua matatu, lakini ikizima pale Mlolongo utamwita mmoja tu.

Akili unde siku hizi inaandika programu yenyewe. Kwa nini mtoto apoteze muda? – Kijana, Roysambu

Nimeijaribu. Niliiomba programu ya kukokotoa alama za darasa, ikaniandikia kwa dakika moja, nadhifu kabisa. Ila mwanafunzi aliyekosa mtihani ilimpa sufuri na kuiingiza kwenye wastani. Asiyejua kusoma programu angeibandika hiyo orodha kwenye ubao wa matangazo, na mzazi angefika asubuhi akiwa moto. Wewe kijana unayeniuliza, naona unaijua vizuri. Je, wewe hukusoma popote?

Ukilifanya lazima, si litageuka mtihani mwingine wa kukariri? – Mzazi na mwanakamati, Buruburu

Swali lako ndilo limeninyima usingizi, na jibu langu lina mashaka ndani yake.

Kule Marekani hakuna KCSE. Mwanafunzi hukusanya kozi moja moja hadi zitimie, mwalimu wake ndiye humpa alama, kisha anahitimu. Kwa hiyo wanaposema “lazima” wanamaanisha kozi. Sisi tukisema “lazima” tunasikia karatasi ya mtihani, darasa la ziada la Jumamosi na kitabu cha marudio. Nimeshaona hata projekti ya hiari ikiharibika. Mwaka mmoja nilipokea tatu, kutoka kwa wanafunzi watatu, zote za mfumo wa hospitali, na zote zimeandika “Patinet” badala ya “Patient”. Mwenye saiba aliyeziuza hakujisumbua hata kurekebisha.

Ningelifanya lazima kusomwa bila karatasi ya kitaifa. Mwanafunzi amalize kozi ya mwaka mmoja, aketi mbele ya mwalimu na kitu alichotengeneza, aulizwe, “Mstari huu unafanya nini? Nikiufuta?” Aliyenunua ataumbuka kwa dakika mbili. Najua mtakachosema: kwetu kisichotahiniwa hakifundishwi, kipindi chake hupewa Hisabati. Ni kweli, PE, somo la mazoezi ya viungo, tumeiona ikifa hivyo. Ndiyo maana nasisitiza shule ndiyo ianze kukaguliwa: mwalimu yupo? Mashine zinawaka? Nani ana ufunguo? Mtoto aingizwe sheriani baada ya hapo.

Mtoto amerudi akisema shuleni wanafunzwa kodi. Ya nyumba au ya KRA? – Mama mwenye ploti, Githurai

Si ya nyumba wala ya KRA, mama. Ni neno la Kiingereza, “coding”, limevaa shati la Kiswahili. Ni kumwandikia kompyuta maagizo, na kwa Kiswahili sanifu tunaita usimbaji. Serikali ilizindua mtaala wake Aprili 2022, na kama mtoto wako ameuona, basi ana bahati kuliko wengi. Wapangaji wako bado wanakulipa tarehe tano.