Kabla Hujasimama Mbele ya Maikrofoni, Jua Unauza Nini

Wanaoanza kazi ya kuigiza sauti za wahusika wa gemu huniuliza swali moja kuliko yote: nitoze kiasi gani kwa saa? Nami huwauliza, saa ya nini? Kwenye gemu, saa ndiyo sehemu nyepesi kuliko zote za mkataba. Penye ugumu ni baada ya saa kwisha: sauti yako itatumika wapi, kwa muda gani, na nani ana ruhusa ya kuikatakata na kuiunga upya.

Mfano ninaopenda kuutoa ni wa Michael Hollick, aliyemwigiza Niko Bellic, mhusika mkuu wa gemu ya Grand Theft Auto IV. Mwaka 2008 gazeti la New York Times liliandika kuwa alilipwa takriban dola 100,000 kwa kazi ya miezi kama 15, sauti pamoja na miondoko ya mwili. Gemu ilipotoka, mauzo yake yalifikia dola milioni 500 ndani ya wiki moja. Mrabaha wake, yaani mgawo wa mauzo hayo, ulikuwa sifuri. Na hakuna aliyevunja mkataba! Tena alilipwa zaidi ya kima cha chini cha malipo cha chama cha waigizaji. Kasoro ilikuwa kwenye kima chenyewe, kilichohesabu siku za kazi na kuishia hapo.

Hasira za waigizaji kuhusu malipo ya namna hiyo zilichemka hadi Oktoba 2016, wanachama wa SAG-AFTRA, chama cha waigizaji wa Marekani, walipogoma dhidi ya kampuni 11 za gemu. Kima wakati huo kilikuwa dola 825.50 kwa kikao cha kurekodi cha saa nne. Walitaka nyongeza kila gemu inapouza nakala milioni 2, mwisho milioni 8. Kampuni zilijibu kwamba waandika programu na wachoraji wanaoitumikia gemu miaka kadhaa hawapati mgawo wa aina hiyo, iweje apate mtu aliyekaa studio siku chache? Hoja hiyo ina uzito, lakini naona imegeuzwa kichwa chini miguu juu: mwenzako kupunjwa si sababu ya wewe kupunjwa.

Mgomo ulidumu karibu mwaka mzima. Mgawo wa mauzo haukupatikana. Walichopata ni bonasi inayofuata idadi ya vikao, kuanzia dola 75 kwa kikao cha kwanza hadi jumla ya dola 2,100 kwa aliyefanya vikao kumi. Wengi waliona wameambulia patupu. Mimi naona faida kubwa ilikuwa kwenye kipengele ambacho magazeti hayakukishughulikia sana: mwajiri alibanwa amweleze mwigizaji, kabla ya kukubaliana, hii ni gemu ya aina gani, ni mwendelezo wa gemu iliyokwisha kutoka au la, je anamrudia mhusika aliyewahi kumwigiza, na kuna matusi au ukatili kiasi gani.

Maswali hayo nayatumia kila kazi inapokuja, na huhitaji kuwa mwanachama wa chama chochote ili kuyauliza. Gemu nyingi huja zimefichwa jina. Unapewa herufi mbili tatu na maelezo kama "wahusika wawili wadogo". Siri si tatizo, nipe karatasi ya kutunza siri nitie saini. Ila nijibu. Kuna mteja niliyemuuliza hivyo, ikabainika mmoja wa hao "wadogo" ndiye msimulizi wa gemu nzima. Bei ikabadilika palepale, na bila ugomvi, kwa sababu hatukuwa tumerekodi hata neno moja. Ukiuliza baada ya kurekodi, huna tena cha kushika mkononi.

Kisha kuna koo. Asiyewahi kufanya kazi hii hudhani ni mazungumzo tu. Kumbe mwigizaji analetewa jedwali: anakufa akiungua, anakufa akizama, anaanguka kutoka juu, anapigwa teke la tumbo, anarusha bomu huku akipiga kelele. Kila kimoja mara tatu, na mwongozaji anasema, "Tena, ongeza uchungu." Kwenye mgomo ule waliomba vikao vya namna hii viwe vya saa mbili badala ya nne. Mimi huandika mambo mawili kwenye barua pepe ya makubaliano: makelele yote yawekwe mwisho wa kikao, na siku ya makelele isizidi saa mbili. Studio nyingi hukubali mara moja. Nao hawataki mistari ya kawaida irekodiwe kwa sauti iliyokwaruza.

Usikubali tarakimu isiyo na kipimo. Oktoba 2022 Hellena Taylor, sauti ya mhusika Bayonetta kwenye gemu mbili za awali za jina hilo, alisema hadharani kuwa alipewa ofa ya dola 4,000 kwa ya tatu, akawaomba mashabiki waisusie. Shirika la habari la Bloomberg likaripoti kwamba ofa ilikuwa dola 3,000 hadi 4,000 kwa kila kikao, vikao visivyopungua vitano. Baadaye yeye mwenyewe akaeleza kuwa aliwahi kupewa ofa ya dola 15,000, akaikataa, na kwamba zile 4,000 zilikuja baadaye kwa mistari michache. Sina haja ya kuamua nani yuko sahihi. Watu walitukanana siku nyingi kuhusu dola elfu nne, kumbe kila mmoja alikuwa anahesabu kitu chake. Kwa hiyo bei yangu haitoki bila maneno "kwa kikao cha saa nne", au "kwa kazi yote, marekebisho yakilipwa kando".

Siku hizi pesa yenyewe si kitu kinachoninyima usingizi. SAG-AFTRA waligoma tena Julai 2024, safari hii kwa sababu ya akili bandia. Mkataba ulioidhinishwa Julai 2025 kwa zaidi ya asilimia 95 ya kura ulipandisha malipo kwa asilimia 15.17 papo hapo. Jambo zito zaidi ni kwamba kutengeneza nakala ya kidijitali ya sauti kunahitaji idhini na maelezo ya matumizi, na mwigizaji anaweza kuisimamisha idhini hiyo wakati wa mgomo.

Mikataba tunayoletewa sisi tusio na chama bado imejaa ile sentensi: "kwa matumizi yote, milele, kwa teknolojia yoyote iliyopo au itakayobuniwa". Mimi huifuta na kuandika hivi: "Rekodi zitatumika katika gemu hii pekee. Hazitatumika kufunza au kutengeneza sauti bandia bila idhini mpya ya maandishi na malipo mapya." Wapo wanaokubali bila neno. Mteja mmoja hakujibu tena. Kimya hadi leo.

Mrabaha siuombi kwa studio ndogo, maana wengi wao hawajui kama gharama zitarudi. Naomba vitu viwili badala yake: malipo ya ziada sauti yangu ikitumika kwenye matangazo, na malipo mapya mistari yangu ya zamani ikihamishiwa gemu nyingine. La matangazo wanalikubali. La mistari ya zamani bado tunavutana.