Mzazi hawezi tena kuelewa mambo yake: msiharakishe kumbandika dole gumba

Dada, umeeleza kwamba benki imekataa kukupa pensheni ya Mama aliyepoteza kumbukumbu, na kwamba shemeji yako anashauri Mama atiwe dole gumba kwenye hati ya uwakilishi, yaani hati ya kumpa mtu mwingine mamlaka ya kutenda kwa niaba yake. Nakusihi usikubali. Hati hiyo ina nguvu pale tu mwenye kuitoa anapoelewa anachokitoa, na hata ile ya kawaida aliyoitia saini akiwa mzima hukoma akili zinapomtoka.

Sisi tulijaribu. Baba alipopatwa na kiharusi hapa Mombasa, kaka yangu alileta pedi ya wino kitandani, naye Baba akauvuta mkono wake na kuuficha chini ya shuka. Kesho yake nilikwenda kwa wakili.

Njia yenyewe hapa Kenya ni kupeleka ombi Mahakama Kuu la kuteuliwa msimamizi wa mali ya mgonjwa, chini ya Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 1989, iliyorekebishwa mwaka 2022. Tuliambatisha ripoti za madaktari wawili, orodha ya mali na hati za kiapo za ndugu wote kwamba wameridhia, na hizo za mwisho ndizo zilizotuchelewesha, kwa kuwa ndugu yetu mmoja aliamini nataka kurithi kabla ya msiba.

Hofu yake ilikuwa na msingi, ila sheria imeiona. Msimamizi wa mali hawi mwenye mali: hawezi kuuza wala kuweka rehani nyumba au shamba la mgonjwa pasipo idhini maalumu ya mahakama, wala kulipangisha kwa zaidi ya miaka 5, na ndani ya miezi 6 hupaswa kuwasilisha orodha ya mali na madeni mahakamani na kwa Mdhamini wa Umma, ofisi ya serikali inayosimamia mali kwa niaba ya wengine. Mimi niliandika kila shilingi kwenye daftari kubwa, nepi, dawa na mshahara wa mlezi wa usiku, risiti zimebanwa ukurasa kwa ukurasa. Yule ndugu alikuwa akija kila mwisho wa mwezi kulisoma. Mwezi wa nne alikuja na nepi mkononi.

Basi anza na ripoti ya daktari. Na kwa kuwa umesema Mama ana asubuhi zake za nafuu, muulize asubuhi mojawapo, ndugu zako wakiwapo, angependa nani amshikie mambo yake, kisha jibu lake liandikwe kwenye hati yako ya kiapo.