Boti ya feni ikidunda, anzeni na kitako

Juzi nimemwona kijana mwingine akihamisha betri kutoka tezi (nyuma) kwenda omo (mbele), akirudisha, akihamisha tena, na boti yake ya feni, ile inayosukumwa na pangaboi la hewani, bado inadunda majini kama mpira. Rula ya kupima kitako, yaani sehemu ya chini ya boti, hajaigusa. Wadogo zangu, nawapenda, lakini hili tumelisema mpaka sauti zimekauka.

1. Inueni boti, mweke rula ndefu ya chuma kuanzia ukingo wa tezi kuelekea omo, na taa upande wa pili. Mwanga ukipenya katikati, kitako kimebonyea na omo itachimba maji ukiwa kasi. Rula ikibembea, kimevimba, na omo itapanda na kushuka bila kutulia. Boti ikishapanda juu ya maji, inabebwa na sehemu hiyo ya nyuma, kwa hiyo hapo hakuna kusamehe.

2. Ukingo wa chini wa tezi uwe mkali. Ukiuviringisha kwa tupa, maji yataung'ang'ania na kuivuta tezi chini.

3. Shiti ya plastiki, ile inayofungwa chini ya kitako ili boti iteleze. Hii iliniumiza. Boti ya alumini, mteja anapita matopeni na kwenye nyasi. Nilifunga shiti ya mita 4 alfajiri yenye baridi, matundu saizi ileile ya bolti, nikakaza zote. Tukaijaribu, ikateleza vizuri sana. Ikashinda juani juu ya trela. Kesho yake ilidunda mpaka meno yanagongana.

Nikalaumu injini. Nikabadilisha mwinamo wake, nikahamisha tangi la mafuta, siku tatu nzima. Mteja, mtu mpole, akaniuliza tu, "Fundi, si siku ya kwanza ilitulia?"

Nikaingia chini ya trela, nikapitisha kiganja. Mawimbi! Kati ya kila bolti na bolti shiti imefura, na nyuma yake matope yamejaa, hata ikipoa haiwezi kurudi. Plastiki ile hutanuka zaidi ya mara 5 ya alumini. Joto likipanda nyuzi 20, shiti ya mita 4 inadai zaidi ya sentimita 1, wakati alumini haifikishi milimita 2. Nami nilikuwa nimeibana kila upande. Niliivua yote, na gharama nikaibeba mwenyewe, maana mteja hakuwa na kosa.

Kwa hiyo bolti za katikati tu ndizo zibane. Tundu nyingine zirefusheni kuelekea omo na tezi, vichwa vya bolti vizame, na ukingo wa mbele uzibwe vizuri.

4. Sasa ndiyo mguse betri. Msokoto wa pangaboi hulaza boti upande mmoja, na betri ndiyo inayosawazisha. Injini ikiwa juu, msukumo wake huikandamiza omo, hivyo mwinamo ubadilisheni kidogo kidogo. Badilisha kitu kimoja, jaribu, mafuta yakiwa kiwango kilekile.

Kijana wa betri nimempa rula yangu. Kesho asubuhi tunaiinua boti yake pamoja.