Hesabu mabati juu ya paa, si sakafuni

Nyumba ya kwanza niliyoachiwa hesabu ilikuwa ya mama mmoja, Mlandizi, aliyedunduliza fedha ya bati kwa miaka. Nilipima sakafu, mita 10 kwa 8, nikagawa kwa eneo linalozibwa na bati moja, nikamwambia mabati 35 yanatosha. Yalikwisha tukiwa tumeziba upande mmoja na mistari miwili tu ya upande wa pili. Aliporudi dukani, mabati ya rangi ile ya kijani yalikuwa yamekwisha. Rangi iliyokuja imekoza zaidi, na tofauti hiyo unaiona ukiwa barabarani mpaka leo. Fundi unayeanza, nakuandikia haya ili mteja wako yasimpate.

Chukua nyumba hiyohiyo. Paa ni la pande mbili, upenu sentimita 60 kuzunguka, na kilele kimepanda mita 2 juu ya ukuta. Urefu wa paa basi si mita 10, ni 11.2. Kutoka katikati ya nyumba hadi ukutani ni mita 4, na upenu 4.6, lakini bati halilali bapa. Kwa mwinuko huo zidisha kwa 1.12, unapata mita 5.15. Kenchi, yaani fremu za mbao zinazobeba paa, zikishasimama, achana na kuzidisha: panda na futi upime mwenyewe.

Sasa usikimbilie mita za mraba. Hapo hukosea hata waliosoma hesabu vizuri. Paa lote lina kama mita 115 za mraba. Bati la mita 3 linalofunika sentimita 76 baada ya kulaliana linaziba 2.28, ukigawa unapata 51. Hayatoshi! Bati huenda kwa mistari, kutoka kileleni hadi upenuni. Gawa 11.2 kwa 0.76, ni 14.7, yaani mistari 15. Kila mstari unataka mita 5.15, sentimita 5 za kuning'inia kwenye mfereji, na 15 za bati la juu kulalia la chini: 5.35. Hayo ni mabati mawili kila mstari, 30 kila upande, 60 kwa paa zima.

Tazama kinachobaki: sentimita 65 kila mstari, karibu mita 20 zinazoishia kwenye banda la kuku. Kama kiwanda kinakata kwa urefu unaotaka, agiza vipande 30 vya mita 5.2, jumla mita 156 badala ya 180. Ulizia tu kwanza kama gari refu linafika saiti.

Paa la pande nne lina eneo lilelile, mwinuko na upenu vikiwa sawa. Wengi hawaamini mpaka wachore. Gharama yake iko kwenye mabati yanayokatwa mshazari na kwenye kofia, yaani bati lililokunjwa la kuziba pale pande za paa zinapokutana: pande mbili zinataka mita 11.2, yaani kofia 4 za mita 3, lakini pande nne zinataka mita 29.6, kofia 11 kwa kuwa nazo hulaliana, na zaidi ya hapo usipotumia vipande.

Papi, mbao zinazolala juu ya kenchi kwa urefu wa paa na kupigiliwa mabati, ni rahisi. Ukiziachanisha sentimita 90 unapata mistari 7 kila upande, karibu mita 157 kwa jumla. Ongeza sehemu ya kumi, maana kila kiungo lazima kikae juu ya kenchi na vipande hupotea. Misumari hesabu kwa idadi: 3 kwa kila bati kwenye kila papi, ni 630, mbali na ya kofia na pale mabati yanapolaliana. Kisha mwombe muuzaji akupimie kilo moja, uhesabu imo mingapi.

Na zile sentimita 76 usizichukue kwangu. Mabati ya migongo midogo na ya msauzi hayafunikii upana mmoja, na viwanda navyo hutofautiana. Dukani laza mabati mawili yakilaliana kama yatakavyokaa juu, pima kutoka ukingo wa la kwanza hadi ukingo uleule wa la pili, ndipo uanze kugawa.